Kutafuta Nasaba katika Hesabu za Vibanda

Mtu wa pwani atakaye kujua khabari za jamaa zake waliokwenda bara zamani wakalowea katika Bonde la Ufa, hana budi kulijua kwanza jambo hili, ya kwamba serikali iliyoitawala nchi ile ilihesabu vibanda kabla ya kuhesabu watu, na ilipoanza kuhesabu watu iliwaanza wageni, ikawaacha wenyeji kuwa wa mwisho. Kanuni za kodi ya kibanda zilitangazwa mwaka wa 1901. Hesabu ya wakaazi wasiokuwa Waafrika ilifanywa mwaka wa 1911, ikarudiwa 1921, 1926 na 1931, na kila mara Wazungu, Wahindi, Wagoa na Waarabu wakahesabiwa kila taifa mbali. Ilhali Waafrika wa Kenya hawakuhesabiwa kichwa kwa kichwa mpaka mwezi wa Agosti 1948, ndipo ilipopatikana jumla ya watu 5,405,966 wa mataifa yote. Baina ya kodi ile na sensa hii ilipita miaka arubaini na saba, na katika muda huo mtu aliweza kuzaliwa, kuoa, kulipa kodi, kuchukuliwa vitani na kufa, asihesabiwe hata mara moja kuwa ni mtu miongoni mwa watu wa nchi yake.

Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, na kabla reli haijajengwa akafuata misafara iliyopanda bara kwa miguu, akichukua mizigo ya serikali hadi Eldama Ravine na kurudi. Kisha akaja pwani akaoa, akazaa mwana mmoja ambaye ndiye babu yangu, akapanda tena bara asirejee. Nyumbani kwetu kilichobaki kwake ni jina, na kauli moja waliyoikariri wazee kila ulipotajwa mji wa Nakuru, ya kwamba huko tuna damu yetu. Damu hiyo hatukuijua iko nyumba gani, mpaka jamaa yetu mmoja aliyekwenda kuzika Nakuru alipoketi matangani karibu na bibi mmoja mkongwe wa mtaa wa Bondeni, wakaulizana koo zao, na mambo yakafunuka.

Kabla ya kwenda kumwamkua bibi huyo niliona ni vyema nijue serikali iliandika nini, basi nikashuka Nairobi, nikaingia katika Jumba la Nyaraka za Taifa, lile jengo kubwa la mawe katika barabara ya Moi lililokuwa benki zamani. Mwenye kutafuta hulipa ada ndogo, hupewa meza, na huletewa faili aziombazo kwa alama zake: za Wilaya ya Nakuru huanza kwa herufi DC/NKU, na za mkoa mzima wa Bonde la Ufa kwa PC/RVP. Ndani yake mna ripoti za kila mwaka, ripoti ambazo afisa anayehama humkabidhi anayekuja, na barua zisizo na mwisho juu ya mipaka, mifugo na madeni. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, na mahali pengine wino umekula karatasi hata herufi zimebaki matundu. Lakini mikono iliyoziandika ilikuwa mizuri, na msomaji mwenye subira huzoea hati ya kila afisa kama azoeavyo sauti ya mtu.

Nilichokiona humo chataka kufafanuliwa, kwani wengi huingia wakidhani watakuta majina. Kodi ilitozwa kwa kibanda, mwenye wake wawili wakaao vibanda viwili akalipa mara mbili, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Ulipofika mwisho wa mwaka, afisa aliichukua idadi ya vibanda vilivyolipiwa, akaizidisha kwa watu aliokisia kuwa wanakaa katika kila kimoja, akaiandika jumla hiyo kuwa ndiyo idadi ya wenyeji wa wilaya. Robert Kuczynski, bingwa wa elimu ya idadi ya watu, ambaye kitabu chake juu ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka wa 1949 akiwa amekwisha kufariki, alizichambua tarakimu hizo za makoloni ya Waingereza na kuonyesha udhaifu wake waziwazi. Na huku Nakuru mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko kwingine, kwa sababu baada ya Wamaasai kuondolewa kwa mapatano ya 1904 na 1911, ardhi ilitwaliwa na walowezi, na Waafrika walioishi humo, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na wengineo, hawakutambuliwa kuwa wenyeji wa mahali pale bali wafanyakazi wakaao kwa idhini ya mwenye shamba, ambao kwa sheria ya 1918 walipaswa kumfanyia kazi si chini ya siku 180 kila mwaka. Hao walihesabiwa pamoja na ng'ombe na mbuzi wao, kwani kilichotakiwa kujulikana ni mikono mingapi ipo na majani yatatosha mifugo mingapi. Sikuweza kuzisoma kurasa zile bila ya moyo kunienda mbio. Safu hizo za tarakimu ni watu, na kila mmoja wao ana wajukuu walio hai leo wasiojua kwamba babu yao yumo mle, ndani ya jumla.

Liko jambo jingine lililonikalia zaidi, nalo lahusu sisi watu wa pwani. Katika sensa hizo za wageni Mwarabu alihesabiwa, Mswahili hakuhesabiwa. Mwarabu aliwekwa upande wa wasiokuwa wenyeji, Mswahili akawekwa upande wa wenyeji, hata kama wamezaliwa tumbo moja na wanaswali msikiti mmoja. Katika ukoo wetu mambo yalikuwa hivyo hasa. Ndugu wa baba wa babu yangu, aliyebaki Mombasa, alijiandikisha Mwarabu, na bila shaka yumo miongoni mwa Waarabu zaidi ya 12,000 waliohesabiwa mwaka wa 1931. Huyu aliyekwenda bara akabaki Mswahili, akalipa kodi ya kibanda na kuvaa kipande, kile cheti cha kazi walicholazimishwa Waafrika. Watoto wa mmoja wana tarehe na karatasi, watoto wa wa pili wana masimulizi tu. Mwenye kufanya utafiti wa nasaba pwani asishangae akikuta nusu ya jamaa zake wamo vitabuni na nusu hawamo, wala asidhani ya kuwa wale wasiomo walikuwa duni. Tofauti yao ni mlango waliopitia siku walipoulizwa wao ni nani.

Kutoka Nairobi nilipanda matatu ya Nakuru ipitayo njia ya chini, ile inayoteremka ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu. Pale barabara inapopinda na bonde lote likajitokeza kwa ghafula, na mlima Longonot ukasimama mbele na tundu lake kichwani, abiria hunyamaza, hata wale waipitao kila juma. Kando ya njia lipo kanisa dogo walilolijenga mateka wa Kitaliano mwaka wa 1942, walipokuwa wakiifanyia kazi barabara hii. Chini yake ni bonde la Kedong, ambapo mwezi wa Novemba 1895 msafara uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine uligombana na Wamaasai, wakauawa mamia ya wapagazi wa Kikuyu na wa Kiswahili. Nilimwomba Mungu awarehemu. Waliuawa wakiwa katika kazi ile ile ya baba wa babu yangu, katika njia ile ile, na kumbukumbu zote nilizozisoma juu yao zinawataja kwa mamia, hazimtaji mtu.

Tukapita Naivasha, tukapita Gilgil, na ziwa la Elmenteita likaonekana upande wa kushoto pamoja na ardhi ya Soysambu, iliyokuwa ya Lord Delamere, mlowezi mkubwa aliyeanza ukulima wake Njoro mwaka wa 1903. Nakuru yenyewe ni mtoto wa reli: njia ya chuma ilifika hapo mwaka wa 1900, mji ukatangazwa 1904, na mwezi wa Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Kwa sensa ya 2019 kaunti yake ilikuwa na watu 2,162,202, idadi ambayo maafisa wa kodi wa zamani wasingeliisadiki.

Bibi niliyemwendea ni mtoto wa binti wa baba wa babu yangu, yaani mama yake na babu yangu walichangia baba, kwa hiyo kwangu ni shangazi. Nilimkuta barazani kwake Bondeni, amejitanda leso, tasbihi mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo, shangazi." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akanishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, kisha akamwita mjukuu wake amletee sanduku.

Katika sanduku mlikuwa na vitu vinne, na kila kimoja kilizungumza kwa namna yake. Cha kwanza kilikuwa kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kushika kasi baada ya Vita Kuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alilazimika kukichukua kila aendako, akikitia katika kikebe cha bati kilichofungwa uzi na kuvaliwa shingoni. Watu walikichukia kwa haki, wakalalamika miaka mingi, mpaka kikafutwa mwaka wa 1947 ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa mataifa yote. Kikebe cha baba wa babu yangu kimeingia kutu, na kifuniko chake hufunguka kwa kukisukuma kwa kidole gumba. Karatasi iliyomo imekunjwa hata mikunjo imekatika, lakini alama za vidole zi wazi, mistari yake ikizunguka mithili ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Penye kabila pameandikwa Swahili. Penye chifu na penye rika pameachwa wazi, kwani fomu ile ilitengenezwa kwa watu wa bara, na karani hakujua amwandikie nini mtu wa Mombasa. Nyuma ni orodha ya waliomwajiri: alikuwa mpishi, kisha mlinzi wa ghala, kisha mpishi tena, na mshahara wake umeandikwa kwanza kwa rupia, na baadaye kwa shilingi, kwa sababu shilingi iliingia mwaka wa 1921. Kwa mabadiliko hayo ya fedha peke yake mtu aweza kukisia tarehe ambazo waajiri hawakutaabika kuziandika. Nakiri ya kwamba chombo kilichobuniwa ili kumfunga mtu asihame kazi bila ya ruhusa ndicho pekee kilichonihifadhia alama ya mkono wake, na sijui nikishukuru au nikilaani. Nimeyafanya yote mawili.

Cha pili kilikuwa furushi la stakabadhi za kodi, nyingi zimefifia, baadhi yake za shilingi 12, kiasi kilichowekwa baada ya watu kulalamikia shilingi 16 mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Mwaka mmoja kuna stakabadhi mbili za tarehe moja. Nikamwuliza shangazi sababu, akajibu bila kufikiri, "Alikuwa na wake wawili mwaka huo, ukewenza haukudumu." Sikuwahi kumsikia mke huyo wa pili wa Nakuru kutoka kwa mtu mwingine yeyote, na lau si kodi ya kibanda, asingebaki na alama hata moja duniani.

Cha tatu kilikuwa cheti cha ndoa cha mwaka wa 1912. Ndoa na talaka za Waislamu katika Kenya zilianza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka wa 1906, na hapa nawausia wenzangu wote wenye asili ya Kiislamu, wa pwani na wa bara, waanze utafiti wao na vyeti hivi kabla ya kwenda kwingineko, kwa kuwa fomu ya kodi hutaka kibanda, fomu ya kazi hutaka mikono, lakini fomu ya ndoa hutaka nasaba. Palikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake, bin baada ya bin. Jina la mke na baba yake. Wali, mashahidi wawili, na mahari. Kwa mstari mmoja nilipanda vizazi viwili ambavyo Mombasa tulikuwa tunavibishania. Na wali wa bibi harusi, ambaye ni baba yake mzazi, ameandikwa kuwa askari wa Eldama Ravine, kwa jina lililodhihirisha ya kwamba alikuwa mmoja wa Wanubi walioletwa na jeshi kutoka Sudani.

Cha nne kilikuwa msahafu, ambao katika ukurasa wake wa mwanzo yameandikwa kwa hati za Kiarabu mazazi ya watoto, kama ilivyo ada ya nyumba zetu. Kitinda mimba ameandikwa Rajabu 1346. Shangazi hakujua kusoma tarehe hiyo, ila alilijua jambo lake kwa mdomo, akasema, "Mjomba wangu huyo alizaliwa usiku wa tatu baada ya ardhi kutetema. Mama alikuwa msichana, alitoka nje mbio na mtungi ukavunjika." Tetemeko hilo linajulikana: lilitokea Subukia, kaskazini ya Nakuru, usiku wa tarehe 6 Januari 1928, likapasua ardhi, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyopata kuandikwa katika Kenya. Nikahesabu miezi ya Hijria kwa vidole mbele yake, na Januari hiyo ikaangukia Rajabu 1346 barabara. Msahafu, mama mzee asiyesoma na vyombo vya wataalamu wa matetemeko vikasema neno moja. Katika sensa za baadaye makarani walipewa kalenda za matukio ya namna hii, nzige, njaa, vita na maradhi, ili wapate kumkadiria umri mtu asiyejua mwaka wake; nami naona kwamba kila mtafiti wa nasaba yampasa ajitengenezee kalenda ya mahali pake kabla hajamwuliza mzee swali lolote, kwani mzee hasahau tetemeko.

Jirani ya shangazi, mzee wa Kikuyu aliyezaliwa katika shamba la mlowezi huko Njoro, alikuja kutuamkua akakaa kusikiliza, na akaongeza mambo ambayo sikuyajua. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili la baba wa mama yake, hata majina hupokezana kwa zamu, na anayejua kanuni hiyo aweza kulikisia jina la baba wa babu yake ambaye hakumwona kwa kutazama tu majina ya ami zake. Rika la tohara nalo ni tarehe, kwani kila moja lina jina lililotokana na jambo la mwaka huo. Lipo liitwalo Ndege, la zama zilipoanza kuonekana ndege angani. Karatasi zake yeye hana. Baba yake alikuwa nazo, na kipande chake, na barua ya mwenye shamba, vikateketea pamoja na nyumba katika machafuko ya mwanzo wa 2008. Aliyasema hayo kwa utaratibu, bila ya kupandisha sauti. Shangazi akamwambia, "Yaseme majina, huyu ana kalamu," naye akayasema, vizazi vitano, na mimi nikayaandika katika daftari langu mbali na ya kwetu, nikamwandikia nakala akaitia mfukoni.

Wenzetu wa nchi nyingine wana bahati ya kufunguliwa milango. Waingereza huzifunga karatasi za sensa miaka 100 kisha huzitoa, na zile za 1921 zilitolewa mwezi wa Januari 2022. Za 1931 za Uingereza na Wales hazitatoka kamwe kwa sababu ziliungua katika moto wa Desemba 1942. Wamarekani hungoja miaka 72, na sensa yao ya 1950 ilifunguliwa mwaka wa 2022, watu wakaona babu zao kwa majina, nyumba kwa nyumba. Hapa kwetu Sheria ya Takwimu ya 2006 yailinda siri ya kila aliyehesabiwa, na ni haki iwe hivyo maadamu mtu yu hai; lakini naiomba serikali iweke muda, na ihifadhi leo kile ambacho wajukuu wa wajukuu wetu watakuja kukitafuta, ili asiwepo tena mtu wa nchi hii atakayelazimika kumtafuta bibi yake katika stakabadhi ya pili ya kodi.

Kwa ajili ya yule askari wa cheti cha ndoa nikaenda Eldama Ravine, safari ya mwendo mfupi kaskazini-magharibi ya Nakuru. Mji umetulia, una miti na baridi ya asubuhi, na jamaa za Wanubi wako hapo hadi leo. Wazee wao walinipokea kwa ihsani kubwa, wakanionyesha makaburi, na wakalijua jina la yule askari kuwa ni la mmoja wa jamaa zao, ingawa hawakuweza kulifikisha kwa mtu aliye hai. Boma hili ni la kale kuliko Nakuru. Katika miaka ya 1890 lilikuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda Uganda, na mwaka wa 1897 ndipo karibu nalo walipoasi askari wa Kisudani waliochoshwa na safari na ujira mdogo. Kwa miaka kadhaa liliongozwa na James Martin, baharia wa Kimalta aliyewahi kufuatana na Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai mwaka wa 1883, mtu hodari aliyejua Kiswahili vizuri, ila katika kuandika hakuzidi sana kutia sahihi yake. Na hapo nikafahamu sababu mojawapo ya uchache wa maandishi ya zama zile.

Lakini sababu kubwa ni mpaka. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Naivasha, Nakuru na Eldama Ravine hazikuwa upande wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya, bali zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda, na ripoti za maafisa wake zilipelekwa Entebbe. Nairobi nilikuwa nikitafuta miaka ya ujana wa baba wa babu yangu katika nyumba isiyokuwa yake. Nyaraka hizo sasa zimewekwa Kampala, na nimekwisha kuwaandikia barua, nikawaomba wanitazamie karatasi za kituo cha Ravine, za wapagazi na za askari, tangu 1895 hadi 1902. Na katika barua hiyo nimeandika jina la baba wa babu yangu, la baba yake na la babu yake kama yalivyo katika cheti, na chini yake jina la mkwewe Mnubi, na chini yake, kwa kuwa mzee wa Njoro aliniomba, majina matano ya kwao.